Risala ya Wakulima wa Korosho wa Kilwa na Pwani ya Lindi Kuhusu Hewa Tunayovuta Majira ya Kipupwe

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi

Nakala: Wakuu wa Wilaya na Wakurugenzi wa Halmashauri za Kilwa, Mtama na Manispaa ya Lindi, Bodi ya Korosho Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, Mganga Mkuu wa Mkoa.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Utangulizi

Sisi tunaoleta risala hii ni wakulima wa korosho na ufuta, wake kwa waume. Ni vijana tunaobeba mashine za kupulizia salfa mgongoni. Ni akina mama wabanguaji wa korosho na wakaangaji wa samaki. Ni wazee wa vijiji vilivyo kati ya bonde la Matandu na bonde la Lukuledi.

Tunatanguliza shukrani, kwa maana anayedai bila kushukuru hudhulumu. Tunakumbuka mikoa ya kusini ilivyokatika na nchi kila masika, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Tumeshuhudia mfumo wa stakabadhi ghalani ukianza mwaka 2007, na leo korosho zetu zinauzwa mnadani mbele ya macho yetu. Misimu ya karibuni Serikali imetuletea salfa na viuatilifu kwa ruzuku. Haya yote yametuinua, na hatuyasahau.

Jambo tulilokuja nalo ni moja. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa ya vijiji vyetu hubeba vumbi la salfa, moshi wa misitu na mashamba yanayochomwa, moshi wa matanuri ya mkaa na moshi wa majiko yetu wenyewe. Katika mkoa huu kila chenye thamani kina kipimo chake. Korosho hupimwa kwa mzani ghalani. Mkaa huhesabiwa kwa gunia unapofika kizuizini. Gesi ya Songo Songo ina mita yake. Salfa yenyewe hugawiwa kwa kilo na kuandikwa kwenye daftari. Hewa peke yake haina mzani, na kwa kuwa haina mzani, haina bajeti, haina msimamizi, na mtu aliyeumizwa nayo hana mahali pa kuandikwa. Hilo ndilo tunalolalamikia, na hilo ndilo tunalodai lirekebishwe.

Hali ya majira haya

Mheshimiwa, wageni wanaokuja Kilwa Masoko mchana wa Julai hukuta kusi inavuma na kuona kwamba hapa hewa ni safi kuliko popote. Kwa saa hizo hawakosei. Lakini kusi hailali nasi. Usiku wa kipupwe mbingu huwa wazi, ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo karibu na ardhi hupoa nayo. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama mabondeni: Matandu, Mavuji, Mbwemkuru, Lukuledi. Juu yake hukaa hewa yenye joto kidogo, ikaifunika kama kifuniko cha sufuria. Chochote kinachotolewa alfajiri, kiwe vumbi au moshi, hakipandi wala hakisambai. Hubaki kwenye kimo cha pua zetu mpaka jua lipande na upepo uamke. Karibu na bahari, upepo mwepesi wa nchi kavu huusukuma moshi wa bara usiku na kuufikisha kwenye nyumba za Kivinje na za mji wa Lindi ulioegemea vilima.

Wenzetu wa mbali walikwisha kupata msiba wa namna hii. Desemba 1952, hewa ya baridi ilituama juu ya jiji la London kwa siku tano, moshi wa makaa ya mawe ukakosa pa kwenda, na hesabu za mwanzo zikataja vifo vya watu wapatao 4,000. Hesabu hizo ndizo zilizoisukuma Uingereza kutunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia uliomo bondeni, ulipiga marufuku makaa ya mawe ghafi majumbani mwaka 2019. Hatusemi Kilwa ni London, wala kwamba vumbi letu linalingana na moshi wao. Tunachosema ni kwamba miji hiyo ilipima na kuhesabu, kisha ikachukua hatua. Kwetu hatua ya kupima bado haijatufikia.

Malalamiko yetu

*Kwanza, salfa huja bila kinga.*

Tunataka tueleweke vizuri hapa: hatuikatai salfa. Ugonjwa wa ubwiri unga, ambao ndio tunaouzuia kwa salfa kwenye mikorosho, ulionekana nchini mwaka 1979. Uzalishaji wa korosho, uliofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, ulikuwa umeanza kushuka kwa sababu nyingine, zikiwemo bei mbaya na kuhamishwa kwa watu kutoka mashamba yao. Ubwiri unga ukaja kuumalizia. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata tani zipatazo 16,500 tu. Salfa ni miongoni mwa vitu vilivyoirudisha mikorosho, na msimu wa 2017/18 taifa likavuna zaidi ya tani 313,000. Watoto wetu wamesoma kwa fedha hizo.

Lakini tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Kipimo tulichozoea ni robo kilo kwa mti kwa kila awamu, na awamu huwa tano kwa msimu. Mwenye miti 100 hurusha hewani mfuko mzima wa kilo 25 kwa awamu moja. Kazi hufanyika alfajiri, kwa sababu umande hulishika vumbi kwenye maua na upepo haujaanza kulipeperusha. Saa zilezile zinazoifaa mikorosho ndizo saa ambazo hewa imetuama, watoto wanaamka kwenda shule na akina mama wanateka maji kwenye visima vya wazi. Vumbi la manjano hutua juu ya majani, juu ya mitungi, juu ya nguo kambani, na hutua kooni.

Wataalamu wanatuambia kwamba salfa si sumu kali kama viuatilifu vingine, nasi tunaliamini hilo. Wataalamu haohao wanasema kwamba vumbi lake huwasha macho na ngozi, hukereketa koo na vifua, na huwasumbua zaidi wenye pumu. Kijana anayepulizia huanza kazi usiku wa manane na kumaliza jua likiwa juu, akiwa amejifunga kanga au fulana usoni. Kitambaa hicho hakizuii vumbi laini. Akirudi nyumbani huwa na macho mekundu, na usiku hakohoi peke yake, kwa kuwa nguo zake zimelala chumba kimoja na mtoto. Mfuko wa salfa humfikia ukiwa na risiti, stempu na saini ya kupokea. Barakoa, miwani, glavu na sabuni havimo katika mgao huo.

Watafiti waliochunguza mashamba ya kusini miaka ya 1990 walikwisha kuonya kwamba salfa inayorudiwa mwaka hata mwaka huongeza tindikali katika udongo. Tunaomba uangalizi uliopewa udongo upewe na mapafu ya mtu anayesimama juu ya udongo huo.

*Pili, jirani hajulishwi.*

Mashamba yetu hayako mbali na makazi. Mikorosho imeota hadi nyuma ya nyumba, uani mwa shule na kando ya misikiti. Mtu akipulizia shamba lake, vumbi haliulizi mpaka. Mwenye pumu huamka amebanwa, hajui kama leo ni zamu ya shamba la jirani, hivyo hakufunga dirisha wala hakuhamia kwa ndugu. Ugomvi umezuka baina ya watu waliozaliwa pamoja, si kwa sababu mmoja ana nia mbaya, ila kwa sababu hakuna ratiba, hakuna tangazo, wala hakuna umbali uliowekwa baina ya mashine na mlango wa mtu.

*Tatu, moto hauna mwenyewe.*

Kuanzia Agosti nyasi zimekauka. Huyu anachoma kuandaa shamba la ufuta au mtama, yule anachoma kutafuta mnyama, mwingine anarina asali na kuacha kijinga nyuma yake. Moto mmoja ukikosa mtu wa kuuzima hula pori siku kadhaa, na mara nyingi hula mikorosho iliyopuliziwa kwa gharama yote tuliyoieleza. Moshi wake hulala mabondeni usiku na kukutana na vumbi la alfajiri. Upande wa matanuri ya mkaa, magunia hupakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Ushuru wake unakusanywa. Moshi wake unabaki huku. Pwani nako zipo tanuri za chokaa zinazochoma matumbawe kwa kuni, jambo linaloumiza mapafu na bahari kwa pamoja.

*Nne, gesi inapita, kuni zinabaki.*

Mheshimiwa, gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa cha Wilaya ya Kilwa. Tangu mwaka 2004 inatoka huko, inapanda nchi kavu Somanga na kwenda Ubungo kuzalisha umeme. Bomba la pili, linalotoka Madimba mkoani Mtwara na kuzinduliwa mwaka 2015, nalo linapita katika ardhi ya mkoa wetu. Tunajivunia kwamba taa za nchi zinawaka kwa gesi ya kwetu. Lakini mwanamke anayeishi kando ya njia ya bomba hilo anapuliza kuni mbichi asubuhi ya kipupwe, mlango ukiwa umefungwa kwa baridi na mtoto akiwa mgongoni.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba moshi wa majumbani karibu huongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Serikali yetu imekuwa ikitaja vifo 33,000 kila mwaka nchini vinavyotokana na matumizi ya nishati isiyo safi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tunaupokea mkakati huo kwa mikono miwili. Hata hivyo mtungi mdogo wa gesi ukiisha, kuujaza hugharimu fedha ambazo mkulima hana hadi mnada wa kwanza ufanyike, na minada hufunguliwa Oktoba, kipupwe kikiwa kimekwisha kupita. Miezi ile yenye moshi mwingi ndiyo miezi ambayo mifuko yetu ni mitupu.

Tunawataja kwa namna ya pekee akina mama wabanguaji. Korosho ikichomwa kwa karai la wazi, maganda hutoa mafuta yanayounguza ngozi na moshi mkali unaochoma macho. Kazi hiyo hufanyika uani, watoto wakiwa pembeni, na haihesabiwi kuwa kiwanda, hivyo hakuna mkaguzi wa afya kazini anayeifikia.

*Tano, mgonjwa haandikwi.*

Mtu akienda zahanati na kikohozi cha Julai, huandikwa kikohozi, mafua au homa ya kifua. Haulizwi kama anapulizia salfa, kama anapikia ndani, au kama kijiji chake kilikuwa na moto wiki hiyo. Mwisho wa mwaka taarifa inaonyesha wagonjwa wengi wa kifua, lakini haionyeshi kwa nini, wala kwamba wamekuja msimu mmoja kutoka vijiji vilevile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatuyafichi maradhi yetu. Yanafichwa na daftari lisilokuwa na safu ya kuyaandikia.

Haki tunayoisimamia

Hatuji hapa kuomba hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu mwaka 2007. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi hatarishi. Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi.

Wapo Watanzania waliokwisha kuidai haki hii wakaipata. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia moshi na uvundo wa dampo la jiji, na mahakama ikawasikiliza. Dampo lilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walifungua shauri mwaka 1991, na Mahakama Kuu ikakubali kwamba kumwekea mtu moshi na taka mlangoni kunagusa haki yake ya kuishi. Mashauri yale yalihusu moshi wa taka wa jiji kubwa. Ibara iliyowalinda watu wa Tabata na Kunduchi inawalinda pia watu wa bonde la Mavuji. Sisi hatutaki kwenda mahakamani na Serikali yetu. Tunataka jambo hili limalizike mezani.

Madai yetu

1. *Kinga iende pamoja na salfa.* Kila mgao wa salfa uwe na barakoa za kuzuia vumbi laini, miwani ya kufunga, glavu na sabuni, kwa idadi ya wapuliziaji walioandikishwa. Chama cha msingi kisitoe mfuko wa salfa pasipo vifaa hivyo, na mkulima atie saini ya kupokea vyote kwa pamoja. Mifuko mitupu irejeshwe chamani, isigeuzwe kuwa mifuko ya nafaka. Salfa ihifadhiwe mbali na moto na mbali na chumba cha kulala, kwa kuwa vumbi lake hushika moto upesi.

2. *Kuwe na ratiba na mipaka.* Kila kijiji kiwe na ratiba ya upuliziaji kwa kitongoji, itangazwe siku mbili kabla katika mbao za matangazo, misikitini na shuleni. Halmashauri zitunge sheria ndogo ya kuweka umbali baina ya mashine ya vumbi na nyumba, shule, zahanati na visima. Mikorosho iliyomo ndani ya umbali huo ipewe kipaumbele cha viuatilifu vya maji vilivyoidhinishwa, ambavyo havirushi vumbi, nao wapuliziaji wake wafundishwe kuvitumia, maana kila dawa ina hatari zake.

3. *Wapuliziaji wafundishwe na kutambuliwa.* Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ishirikiane na maofisa ugani kutoa mafunzo kila mwaka kabla ya Juni, na kila aliyefuzu apewe kitambulisho. Asiruhusiwe mtu wa chini ya miaka 18 kubeba mashine. Wapuliziaji wapimwe vifua mwanzo na mwisho wa msimu bila malipo.

4. *Hitaji la salfa lipunguzwe.* Mikorosho mingi ya pwani ni mizee na imesongamana, na msongamano huo huupa ubwiri unga kivuli na unyevu unaoupenda. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimekwisha kutoa aina bora zinazostahimili ugonjwa. Tunadai vitalu vya miche ya kubebeshwa viwe ndani ya wilaya zetu, pamoja na msaada wa kupogoa, kupunguza miti na kuondoa maotea yanayohifadhi ugonjwa. Mti unaopata hewa na jua huhitaji salfa kidogo, na salfa kidogo ni nafuu kwa mkulima, kwa Serikali na kwa jirani.

5. *Moto usimamiwe.* Hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Vijiji vya Kikole na Kisangi, hapahapa Kilwa, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu kwa ajili ya mpingo wao, vikiwa vya kwanza Afrika kukipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Katika misitu ya namna hiyo hapa wilayani imefanyika kazi ya kuchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba ukose chakula. Tunadai maarifa hayo yafikishwe kwa kila kijiji chenye msitu, kamati za mazingira za vijiji zipewe vifaa na posho, na sehemu ya ushuru wa mkaa irudi kijijini kwa kazi hiyo. Wachomaji wa chokaa ya matumbawe wasaidiwe kupata shughuli nyingine kabla ya kuzuiwa, ili amri isije ikazaa njaa.

6. *Nishati safi imfikie mwenye gesi yake.* Tunafahamu hatua zilizokwisha kuanza za kufikisha gesi ya bomba kwenye baadhi ya kaya za mikoa ya kusini. Tunadai vijiji vilivyo kando ya bomba vitangaziwe lini vitaunganishwa. Pale ambapo bomba haliwezi kufika upesi, utaratibu wa kujaza mitungi uruhusu mkulima kulipa baada ya mnada kupitia chama chake cha msingi. Shule na taasisi nyingine zinazolisha zaidi ya watu 100, ambazo Serikali ilikwisha kuziagiza ziache kuni na mkaa, zipewe fedha za kutekeleza agizo hilo. Wabanguaji wapatiwe vyombo vya kupikia korosho kwa mvuke na mabanda yenye dohani.

7. *Hewa ipimwe.* Tunadai vifaa vya kupima chembechembe laini viwekwe angalau mahali patatu kwa kuanzia: bondeni penye mikorosho, mjini Kilwa Masoko au Kivinje, na katika Manispaa ya Lindi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa chembe hizo usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24. Tuambiwe sisi tuko wapi. Vipimo visomwe katika mikutano mikuu ya vijiji pamoja na mapato na matumizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa iongeze katika utabiri wa wakulima taarifa ya utulivu wa hewa ya alfajiri, ili mwenye pumu na mwenye shamba wajipange.

Dai hili lina haraka ya pekee kwa sababu ya Likong'o. Mradi mkubwa wa kusindika gesi unaotarajiwa kujengwa huko, karibu na mji wa Lindi, tunautamani kwa ajira zake. Lakini hewa ya Lindi isipopimwa kabla ya ujenzi, hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kama imeharibika au imebaki ilivyokuwa. Kipimo cha kabla kitamlinda mwananchi, na kitamlinda mwekezaji dhidi ya lawama isiyo yake.

8. *Mgonjwa aandikwe na atibiwe.* Zahanati na vituo vya afya viongeze katika madaftari yao maswali matatu kwa kila mgonjwa wa kifua: kazi yake, jiko analotumia, na kama alikuwa karibu na salfa au moto wiki hiyo. Dawa za pumu za kuvuta zisikosekane kati ya Juni na Oktoba. Zahanati za vijiji vya korosho ziwe na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kutambua mtoto anayepumua kwa shida na kumkimbiza mapema.

Wajibu wetu sisi

Mheshimiwa, hatukuandika madai haya tukakunja mikono. Tunakubali kuweka kwenye mikutano mikuu ya vijiji vyetu azimio kwamba hakuna atakayechoma shamba bila kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji na majirani, wala kuondoka akiacha moto ukiwaka. Tunakubali kufuata ratiba ya upuliziaji hata pale inapomchelewesha mmoja wetu siku mbili. Tunakubali kutoa vijana wa doria ya moto na ardhi ya kuwekea vifaa vya kupimia hewa, na kuvilinda. Tunakubali kukatwa kiasi kidogo katika kila kilo ya korosho kwa ajili ya vifaa vya kinga, ilimradi kiasi hicho kijadiliwe nasi, kionekane kwenye stakabadhi na kisomwe matumizi yake.

Wapo watakaosema kwamba madai haya ni ya anasa kwa mkoa ambao bado unadai maji na madawati. Tunawajibu kwamba mkulima asiye na pumzi halimi, na mtoto aliyelazwa kwa nimonia halikalii dawati hilo. Vingi katika madai haya havihitaji fedha kubwa: ratiba ni karatasi, tangazo ni sauti, safu ya daftari ni kalamu na rula. Kinachohitajika kwanza ni uamuzi kwamba hewa ya mwananchi wa pwani hii nayo ni mali yenye kipimo. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe tangu enzi za masultani wake na kupima dhahabu iliyotoka Sofala. Mji wenye historia hiyo hauwezi kushindwa kupima hewa ya watoto wake.

Hitimisho

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, tunaomba mambo matatu ya kuanzia. Moja, uunde kamati ya mkoa itakayojumuisha kilimo, afya, mazingira, ushirika na wawakilishi wetu, nusu yao wakiwa wanawake. Mbili, kamati hiyo itembelee vijiji vya korosho alfajiri, wakati mashine zinanguruma, isije mchana wakati kusi imekwisha kufagia. Tatu, tupewe majibu ya maandishi kwa kila dai, tukielezwa lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, na nani atalisimamia.

Tunaomba majibu hayo yatufikie kabla ya mwisho wa Aprili, kabla maghala ya pembejeo hayajafunguliwa. Salfa ya msimu ujao ikishuka kutoka kwenye lori bila barakoa, bila ratiba na bila mafunzo, tutakuwa tumepoteza mwaka mwingine, na hatutakubali kuambiwa kwamba taarifa haikutolewa. Imetolewa leo, mbele ya watu, kwa maandishi.

Mungu ibariki Tanzania.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wenu katika ujenzi wa Taifa,
Wakulima wa korosho, wapuliziaji, wabanguaji na wakazi wa vijiji vya Kilwa na pwani ya Lindi